Jina la Mtoto wa Nakiete

Hapo zamani, kabla barabara ya magari haijapanda milimani, katika kijiji cha Mvungwe aliishi mwanamke aitwaye Nakiete binti Kiangi, mke wa Senkondo mfua chuma. Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake katika kutoa majina. Mtoto wa kawaida alipewa jina na baba yake. Lakini mtoto aliyetanguliwa na mimba zilizoharibika alipewa jina na mtu aliyemfikisha duniani salama. Mtu huyo alichovya kidole katika asali, akamlambisha mtoto, akatamka jina. Likishatamkwa, halikubadilishwa.

Nakiete alishika mimba ya kwanza, ikatoka. Akashika ya pili, ikakaa mpaka tumbo likaonekana, nayo ikatoka. Watu wakasema ya kwao. Wengine walisema amevuka kaburi, wengine walisema ameirithi bahati mbaya kwa mama yake. Mama mkwe wake, Nambike, hakusema hayo. Yeye aliamini, kama alivyofundishwa, kwamba mimba hukazwa na kazi. Mara zote mbili alimpandisha Nakiete mlimani na mkungu wa ndizi kichwani.

"Tembea, mwanangu, mtoto ashike," alimwambia. Alisema kwa upendo, na Nakiete akatembea.

Baada ya mimba ya pili damu haikukata, wakamteremsha hadi hospitali ya misheni bondeni. Daktari wa huko, ambaye jina lake sikulipata kwa hakika na kwa hiyo silitaji, alimsafisha, kisha akamwita Senkondo. Akakunja ngumi zake mbili na kuzikutanisha.

"Mji wa mimba wa mkeo una umbo hili," akasema. "Kwa juu umebonyea katikati, kama moyo. Amezaliwa nao hivyo. Hakukosa lolote."

"Basi hatazaa?"

"Anaweza. Ila mtoto atakuwa na nafasi ndogo. Huenda akaja mapema, huenda akashindwa kugeuka. Akishika mimba tena, asibebe mizigo. Na miezi ya mwisho mleteni akae karibu nasi."

Walipofika nyumbani Nakiete alimwambia mumewe, "Oa mwingine, Senkondo. Sitakuchukia."

Senkondo akafikiri. "Nikioa mwingine, nani atanicheka nikiunguza ugali?"

Baadaye Nakiete akashika mimba ya tatu.

Senkondo akaweka nyundo chini. Akajitwika mtungi, akaenda kisimani pamoja na wanawake. Mwanamume kuteka maji, jambo hilo Mvungwe ilikuwa haijaliona. Vijana wakamngoja njiani. "Shemeji Senkondo, mahari ulitoa au ulitolewa?" Akajibu, "Nilitolewa, na bado nawadai mbuzi." Akapita bila kumwaga maji. Alipika, akafua, akatafuta kuni. Wajomba zake walipokuja na habari za msichana wa kumwoa, aliwapa uji aliopika mwenyewe. Waliunywa nusu, wakaondoka.

Nambike naye, aliposikia maneno ya daktari, akahamia kwa mwanawe. Msimu huo binti yake wa kumzaa alikuwa akitarajia kujifungua upande wa pili wa mlima, akatuma mtu kumwita mama yake. Nambike hakwenda. "Mwambieni ana mama mkwe mwenye nguvu," alisema. "Huyu wa hapa nilimvunja mwenyewe." Kwa mila mkwe na mkwe hawaonani miili, lakini Nambike alimwogesha Nakiete kitandani, huku yeye mwenyewe amegeuzia uso ukutani. Siku ya kwanza wote wawili walilia kwa aibu. Siku ya pili Nambike alikosea akampaka sabuni sikioni, wakacheka mpaka Senkondo akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Mwezi wa saba wa mimba ulipowadia, masika yalikata njia ya bondeni. Wakasubiri. Njia ilipoanza kupitika kwa shida, tumbo la Nakiete lilikuwa limeinuka upande mmoja tu. Ndipo wakamwita Namcharo, mkunga.

Namcharo alijulikana kwa kugeuza watoto. Hakuna aliyekuwa na mikono kama yake milimani kote. Akamgusa Nakiete, akapapasa polepole. Akakuta kichwa cha mtoto kiko juu, chini ya mbavu, na kando yake akakuta bonde, pale mji wa mimba ulipobonyea.

"Mgeuze, bibi," wakasema wajomba. "Njia inateleza."

Namcharo akaondoa mikono. "Huyu simgeuzi."

"Umeshindwa?"

"Semeni nimeshindwa. Hapa alipo hana pa kupinduka. Nikimlazimisha nitamuua, na mama yake pamoja naye. Mteremsheni leo."

Waliteremka. Senkondo alishika machela mbele, na nyuma walishika wale vijana waliomcheka kisimani. Uchungu ulianza wakiwa njiani. Walipofika hospitali, daktari akampasua Nakiete, akamtoa mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti nyembamba, mzima. Lakini milimani habari iliyotangulia kufika ni ile ya wajomba, kwamba mikono ya Namcharo imezeeka. Tangu siku hiyo wajawazito walianza kuwaita wakunga wengine.

Nakiete alipopona, wakarudi. Siku ya jina ikafika. Asali ikawekwa mlangoni katika kibakuli, naye Nakiete akaketi na mtoto. Watu watatu wakasogea pamoja, wakatazamana.

Senkondo akasema, "Mimi ndiye niliyemfikisha. Nilikataa kuoa, nikaacha chuma kikalala baridi, nikachekwa na kila mwenye meno. Nampa jina la dada yangu Nanzia, aliyefariki angali msichana."

Nambike akasema, "Mimi ndiye niliyemfikisha. Niliyoyaamini maisha yangu yote niliyatupa. Binti yangu alizaa bila mimi, na mpaka leo hajaniletea mjukuu nimwone. Nampa jina la mama yangu, Namkunda."

Namcharo akasema, "Mimi ndiye niliyemfikisha. Wote mlitaka nimguse, nami sikumgusa. Nimepokea watoto wa mlima huu mpaka wengine wana wajukuu, wala hakuna hata mmoja anayeitwa Namcharo. Sasa siitwi tena kuzalisha. Nampa jina langu."

Wakamgeukia Nakiete, aamue.

Nakiete akamfunika mtoto miguu. "Wa kwanza nilimwita Mbonea," akasema. "Wa pili nilimwita Nakijwa. Niliwapa majina peke yangu, kwa sauti ndogo. Hawa hakuna aliyekuja kuwagombea."

Nambike akajifunika mdomo kwa kanga. Namcharo akarudisha mkono uliokuwa umeelekea kwenye asali. Senkondo, ambaye hakuwahi kuyasikia majina hayo, aliyarudia polepole. Mbonea. Nakijwa.

"Sisemi hivyo ili niwanyang'anye," Nakiete akaendelea. "Mmoja alinibebea, mmoja aliniogesha, mmoja aliniachilia. Angekosekana mmoja wenu, leo ningekuwa na majina matatu ya kunong'ona. Lakini nyumba aliyokaa ni yangu. Nilizaliwa nayo ikiwa na umbo lake, nikalaumiwa kwa ajili yake, na humo humo mtoto huyu akapata pa kujikunja."

Akainua kibakuli cha asali, akakishika katikati yao wote. Mtoto akafumbua mdomo, akangoja.

Nanyi mnaonisikiliza, mtoto hawezi kungoja siku nzima. Semeni: nani alistahili kuchovya kidole?