Shemeji Aliyesubiri Toleo Jipya

Wapendwa washarika, leo sina mkulima, sina mpanzi, wala sina kondoo aliyepotea. Nina gari la spoti. Najua wapo wazee hapo mbele watakaoguna. Guneni, lakini nisikilizeni hadi mwisho. Na watu wa mfano huu nimewatunga mwenyewe, kwa hiyo mkitoka hapa msianze kuulizana ni akina nani.

Palikuwa na mke na mume katika mji mmoja wa nyanda za juu. Walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Nje ya mji huo kuna barabara ya lami inayopanda mlima kwa kona kali, na mara moja kwa mwaka barabara hiyo hufungwa asubuhi ili magari yashindane. Hupanda gari moja moja, saa inapima, na anayefika kileleni kwa muda mfupi kuliko wengine ndiye mshindi. Mume alishiriki mashindano hayo tangu ujana wake. Mke alimfuata nyuma na pikapu iliyobeba spana, matairi na chupa ya chai. Hao wawili ndio waliokuwa timu nzima.

Kisha macho ya mume yakaanza kuondoka. Ilikuwa presha ya macho, na iligunduliwa kwa kuchelewa. Daktari aliwaambia ukweli: dawa zitapunguza mwendo wa ugonjwa, hazitarudisha kilichopotea, na hakuna anayeweza kusema mwanga utabaki hadi lini. Mume akauza gari lake. Nyuso za watu zilikuwa zimeanza kumpotea. Rangi nyingi zilikuwa zimegeuka kijivu. Ni njano tu aliyoiona vizuri, tena ikiwa juani.

Siku moja, wakiwa dukani, akamwambia mkewe, "Miaka yote umebeba spana zangu. Barabara ile unaijua kama mimi. Mwaka huu panda wewe."

"Mimi? Kwa pikapu?"

"Tununue gari. Akiba ipo. Nataka nikuone unafika juu, kabla sijaacha kuona."

Mke alimuuzia mteja mifuko miwili ya saruji, akarudi, akasema, "Sawa. Lakini nikiingia mtaroni usinicheke."

"Nitakucheka kama nitakuona," mume akasema. Wote wawili wakacheka.

Wakaenda kwenye yadi ya magari. Walifuatana na mdogo wake mume, ambaye kwa mke ni shemeji. Huyu shemeji kwa miaka mingi alilitamani gari la spoti la aina waliyokwenda kununua. Alijua uzito wake, nguvu ya injini yake na upana wa matairi yake. Simu yake ilijaa picha za magari. Gari hakuwa nalo.

Pale yadi lilikuwepo moja tu, la milango miwili, la njano. Muuzaji alikuwa mtu mkweli.

"Mama, siwezi kukuficha," akasema. "Gari ni jipya, ila lina kasoro moja ambayo kila aliyenunua aina hii ameilalamikia. Injini ikipata moto mlimani, gia ya pili inagoma kuingia. Kiwanda kimetangaza kwamba toleo lililoboreshwa litakuja mwakani, na giaboksi imebadilishwa."

Shemeji akapiga makofi. "Umesikia, shemeji? Mwenye mali mwenyewe anakwambia! Unanunua gari la kupandia mlima, na mlima ndio halitaki. Si bora ununue punda?"

"Punda wa njano nitampata wapi?" mke akasema. Akamgeukia muuzaji. "Hilo toleo jipya litakuja na rangi gani?"

"Nyeusi, nyeupe na kijivu. Njano wameiondoa, wanasema haina wateja."

Mume alikuwa amesimama, mkono wake ukiwa juu ya boneti. Akainua kichwa.

"Mwakani mwezi gani?" mke akauliza.

"Hawajasema, mama."

"Subiri, shemeji, nakusihi," yule mdogo mtu akasema. "Mtu mwenye akili hanunui ugonjwa anaoujua kwa jina. Mimi fedha yangu ninayo na ninasubiri. Mwakani nitalipita hili lenu pale kwenye kona ya kwanza, tena nitawapungia mkono."

"Utatupungia," mke akasema. "Na kaka yako atauona huo mkono?"

Gari likanunuliwa siku ile ile.

Hebu niwaulize, washarika. Ingekuwa ninyi, mngenunua gari ambalo muuzaji mwenyewe amewaambia kasoro yake? Wangapi wangenunua? Inueni mikono niwaone. Naam. Naona shemeji ana ndugu wengi humu ndani.

Siku ya mashindano ikafika. Mume alipelekwa kileleni mapema, akasimama kando ya kamba kwenye kona ya mwisho, mahali ambapo barabara inatoka kwenye kivuli cha misonobari na kuingia kwenye jua. Mdogo wake alisimama naye. Chini mlimani, mke akafunga mkanda, bendera ikashushwa, akaondoka.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha, kwenye kona kali kuliko zote, gia ya pili ikagoma, kama muuzaji alivyosema. Akaisukuma tena, ikagoma tena. Gari likaanza kuishiwa nguvu. Lakini mwanamke huyu alijua amenunua nini. Wiki zote za mazoezi alikuwa amejifunza kupanda bila gia ya pili. Akarudi gia ya kwanza, akakanyaga mafuta, na injini ikalia kwa sauti iliyosikika hadi kileleni.

"Imegoma hiyo!" shemeji akasema. "Si nilisema? Jamani, si nilisema mimi?"

"Nyamaza nisikie," kaka yake akamwambia.

Mlio ukapanda, ukakata kona, ukakaribia. Ghafla gari likatoka kivulini likaingia juani.

Yule mume hakuona usukani. Hakuona namba ubavuni wala uso wa mkewe. Aliona njano. Aliiona inapanda, inakuja, inakuwa kubwa, inampita.

"Nimemwona!" akapiga kelele. "Nimemwona! Mke wangu huyo! Jamani, mmemwona? Mimi nimemwona!"

Watu wasiomfahamu wakaanza kupiga makofi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma akapiga vigelegele, na alipoulizwa anamshangilia nani, akasema, "Sijui, lakini huyu baba amefurahi."

Mke akawa wa tatu. Wa tatu, washarika, na gia mbovu! Akapewa kikombe kidogo kuliko vyote vilivyokuwa mezani. Mumewe akakipokea kwa mikono miwili, akakiinua juu kuliko yule aliyepewa kikubwa.

Ningeweza kuishia hapa, tukaimba, tukaenda nyumbani. Lakini mfano wangu haujaisha, na sehemu inayotuhusu sisi bado iko mbele.

Mwaka ukapita. Macho ya mume yakafunga kabisa. Toleo jipya likafika yadi, na shemeji akawa wa kwanza kufika mlangoni, fedha zake zikiwa tayari. Akalizunguka gari la kijivu. Akafungua milango, akaifunga, akainama kutazama chini.

"Hili sasa halina kasoro?" akauliza.

Muuzaji akakuna kichwa. "Bwana, siwezi kukuficha. Gia ni safi kabisa. Ila breki za nyuma zina kelele kidogo asubuhi kukiwa na baridi. Wanasema toleo litakalofuata..."

"Basi," shemeji akasema. "Nitasubiri hilo."

Alipokuwa anatoka, akaliona gari la njano limeinuliwa juu kwenye gereji ya yadi, na shemeji yake amekaa pembeni kwenye benchi pamoja na mumewe, wanakunywa soda. Akafurahi. "Limeharibika, eh? Niliwaambia!"

"Halijaharibika," mke akasema. "Nimepigiwa simu nilete gari. Kiwanda kimetuma giaboksi mpya."

"Za kuuza?"

Muuzaji ndiye aliyemjibu. "Za kufunga bure, bwana. Magari yote ya toleo la kwanza yanafungiwa giaboksi ileile ya toleo jipya. Wale walioyaendesha na kulalamika ndio waliotuonyesha kasoro iko wapi. Kwa hiyo wao wanatengenezewa kwanza."

Shemeji akasimama katikati ya yadi. "Bure? Huyu anapewa bure? Na mimi je? Mimi ndiye niliyesema tangu siku ya kwanza kwamba gia ni mbovu! Nimesubiri mwaka mzima! Mimi mnanitengenezea nini?"

Muuzaji akamtazama bila dharau yoyote. Akasema, "Bwana, niko tayari kukutengenezea. Gari lako liko wapi?"

Washarika, gari lako liko wapi?

Msimcheke shemeji haraka. Alikuwa anasema kweli. Gia ilikuwa mbovu, alivyosema. Breki zilikuwa na kelele, na yeye aliuliza, akaambiwa. Hakukosea hata neno moja. Na baada ya kuwa sahihi mwaka mzima, alirudi nyumbani kwa miguu.

Sisi nasi tuko sahihi. Tunajua kasoro zetu kwa majina. Kuna baba hapa anasema, "Mchungaji, nitarudi kundini nikishaacha pombe." Mwaka wa ngapi huu, baba? Kuna wawili wameishi pamoja hadi wana wajukuu, wanasema watabariki ndoa siku kamati ikipata fedha za ukumbi na mapambo. Kuna ndugu wawili wanaokaa benchi za pande mbili za kanisa hili, kila mmoja anasubiri mwenzake abadilike kwanza ndipo amsalimie. Kuna dada mwenye sauti ambaye hataki kujiunga na kwaya mpaka aelewe noti. Tunakaa nje tunangoja toleo letu jipya, na tunadhani Mungu naye analingoja.

Nani alituambia kwamba Mungu analingoja?

Tunaliweka jambo kichwa chini miguu juu. Tunasema: nitengenezwe, kisha nije. Yeye anasema: njoo, kisha utengenezwe. Hakuna gereji inayotengeneza gari lisiloletwa. Ulevi wako hauwezi kutibiwa ukiwa umeuficha nyumbani. Hasira yako haiwezi kulainishwa ikiwa hujakaa meza moja na yule anayekuudhi. Utatengenezewa ukiwa njiani, ukiwa umeshaanza kupanda, gia inagoma na watu wanasema, "Si tulisema?" Wacha waseme. Wewe panda.

Na kuna jambo moja zaidi. Yule mwanamke angesubiri mwaka ule, angepata gari zuri sana. Angepanda mlima bila tabu. Labda angekuwa wa kwanza. Na pale juu angemkuta mumewe amesimama, anageuza uso huku na huku, anauliza watu, "Ameshapita?" Nawaambia, katika nyumba zenu kuna mtu anataka kukuona unafika. Ni mama yako. Ni mtoto wako. Ni huyo ndugu wa benchi la upande wa pili. Mtu huyo hana mwaka mwingine wa kukupa, na wewe unamwambia subiri.

Mimi sitawaomba leo muwe wakamilifu. Sina uwezo wa kuomba hivyo, maana nami nimepanda madhabahu hii asubuhi ya leo na kasoro ninazozijua. Nimepanda hivyo hivyo. Nanyi njooni hivyo hivyo. Mwenye pombe, njoo na harufu yake. Mwenye ndoa isiyobarikiwa, njoo na wajukuu, watashika maua. Mwenye chuki, njoo nayo, tuishushe hapa mbele pamoja.

Nilikuwa nimepanga kusema sala kwanza, ndipo niwaite. Lakini namwona baba mmoja kule nyuma ameshasimama kabla sijamwita. Na huyu mama naye. Na ninyi wawili, wa pande mbili, mnasimamaje wakati mmoja bila kuambiana?

Wanakwaya, msisubiri ishara yangu. Anzeni. Na wewe dada, imba nao.