Uso wa Hemedi Kwenye Karatasi Isiyong'aa

Hapo zamani, si zamani sana maana simu za picha zilikuwapo, Bi Zamoyoni wa Kondoa alifiwa na mwanawe Hemedi. Ikabaki picha moja tu, nayo imo kwenye simu ya mjane, Mwantumu. Nyingine hakuna. Huyo Hemedi akiona kamera alikuwa anageuza kisogo.

Wakaenda kwa fundi Mahimbo, mchapa picha. Akaweka mezani karatasi mbili: ya kung'aa na isiyong'aa. Bi Zamoyoni akainua ya kung'aa. Akaona dirisha, akaona mtandio wake mwenyewe.

"Nimekuja kumtazama mwanangu, sikuja kujitazama. Sura yangu naijua na hainifurahishi. Nipe hiyo nyingine."

"Umejua kuchagua, bibi. Hii inakunywa wino. Ngozi ya mtu inakuwa ngozi, haing'ai kama sufuria."

Kweli tupu. Ila karatasi hiyo hupuliziwa dawa ya kuikinga na maji, na chupa ya fundi ilikuwa imekwisha. Akaona haya kusema. Mlangoni akamnong'oneza Mwantumu: "Dada, msiifute." Basi, hakuongeza.

Picha ikabandikwa ukutani. Bi Zamoyoni akala akashiba, mara ya kwanza tangu matanga.

Kesho yake akaiona simu, picha ya Hemedi imefunguliwa kiooni. Mwantumu alikuwa akikaanga maandazi, kioo kizima mafuta.

"Wewe! Uso wa mwanangu umejaa mafuta. Hebu ifute hiyo picha!"

"Niifute, mama?"

"Ifute! Huna masikio?"

Mwantumu akaifuta. Kwa kidole, si kwa kitambaa. Tena mwezi huo alikuwa ameshaposwa na mtu mwingine.

Ijumaa Bi Zamoyoni akaona vumbi ukutani. Akachovya kitambaa majini, kama afutavyo kila kitu chumbani mwake, akapitisha. Likatoka jicho. Akapitisha tena asawazishe. Ikatoka pua.

"Lete simu!"

"Imeshafutwa, mama. Si uliniamuru?"

"Nilisema ufute mafuta!"

Wakakokotana mpaka kwa fundi. Kwake nako hakuna. Kazi ikishachukuliwa, huiondoa kwenye kompyuta.

"Lakini nilimwambia huyu dada msiifute," fundi akasema.

"Nilidhani unasema ya simu!" Mwantumu akaruka.

"Kama ulidhani ya simu, mbona uliifuta?" Bi Zamoyoni akamgeukia. "Na kama ulijua ni ya ukutani, mbona hukuniambia?"

"Miaka sita natii kila neno lako, hukuuliza kwa nini. Leo nimetii unauliza. Na wewe, mama, nani alikutuma kumwosha marehemu mara ya pili?"

"Mimi nilionya," fundi akasema.

"Ulionya!" Bi Zamoyoni akamrukia. "Neno moja, mlangoni, kwa mtu asiyeitaka picha."

"Ungechukua ya kung'aa, bibi, ungeifuta mpaka uchoke na mwanao angekuwapo."

Bi Zamoyoni akatazama vidole vyake. Wino wa Hemedi ulikuwa bado kwenye kucha zake.

Haya, nyie wajuzi wa kuhukumu. Mmoja alificha chupa tupu. Mmoja alitii upesi mno. Mmoja alichagua karatasi kwa moyo wake wote, akaishika kwa kitambaa chenye maji. Je, nani aliyemfuta Hemedi?