Wembe wa Bi Mwanakombo

Hapo zamani, enzi za kupeleka uji wodini kwa chupa ya chai, alizaliwa mpwa wangu Sikudhani, kichwa kimejaa maji. Daktari Bahati akampasua, akamwekea mpira chini ya ngozi, uyatoe maji kichwani na kuyamwaga tumboni. Tukarudi naye Korogwe kwa vigelegele.

Bibi yake, Bi Mwanakombo, akasema, "Arobaini imepita, na mjukuu wangu bado ana nywele za tumboni?" Akashika wembe, akanyoa. Wembe ukagusa kovu. Tone moja la damu. Akalifuta kwa kanga, akanyamaza.

Wiki haikuisha, mtoto akawaka homa, akatapika, kovu likavimba. Zahanati wakasema malaria. Dawa tukampa, homa haikushuka. Ndipo Bi Mwanakombo akalia mbele ya ukoo mzima: "Si malaria. Ni mimi na wembe wangu. Mrudisheni kwa aliyemwekea mpira!"

Daktari Bahati akayapima maji ya kichwani, akakuta vijidudu. "Mpira wote unatoka leo."

Kaka yangu, baba wa mtoto, akang'aka, "Ukitoka, si maji yatamuua?"

"Ukibaki, vijidudu vitamuua. Dawa peke yake haiusafishi."

Akautoa, akaweka wa muda, wa kumwaga maji nje, kwenye mfuko. Mfuko huo akaulea Sista Hidaya. Ukining'inia chini mno, maji hutoka kwa kasi. Juu mno, hayatoki. Mtoto akiinuliwa kunyonya, Sista anafunga koki ya mpira. Akilazwa, anausawazisha mfuko na sikio la mtoto, anafungua. Siku kumi na nne, dawa mshipani, nami nikifika na uji wangu, Sista ananiamuru: "Shangazi, nawa kwanza!" Ah, nimeikumbuka mno sauti ile, na harufu ya sabuni yake.

Maji yalipotoka safi, Daktari akaweka mpira mpya upande wa pili.

Sasa Sikudhani amejifungua binti, na Daktari, Sista na Bi Mwanakombo, wote watatu, wamekuja kuomba usomo, mtoto aitwe jina la mmoja wao.

"Niliutoa mpira wakati kila mtu ananitisha," asema Daktari.

"Nilimlinda kwa koki, usiku na mchana," asema Sista.

Bi Mwanakombo, macho hayaoni tena, anampapasa mtoto nywele. "Ugonjwa niliuleta mimi. Lakini nisingejiaibisha, mngemzika mkisema malaria."

Kwetu shangazi wa mama ndiye hutaja jina, na somo ndiye humnyoa mtoto. Kesho ni siku ya saba. Wembe mpya ninao hapa mkononi. Haya, enyi mlionisikiliza: nimkabidhi nani?