Mgeni Aliyefungua Nyimbo za Mzambarauni

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa kijiji, kijiji kikawa na nyimbo, nyimbo zikawa na wenyewe. Mpo?
Tupo.
Basi sogeeni.

Hapo kale, kijijini Mzambarauni, wimbo wa kuita mbuzi ulikuwa wa wachungaji. Wimbo wa kubembeleza watoto ulikuwa wa akina mama. Na wimbo wa maziko ulikuwa wa Bi Mashavu, mjane mwenye sauti nzito, aliyeurithi kwa bibi yake. Ukiutaka, unakwenda kwake, unamweleza nani kafa, ndipo anaimba.

Siku moja akaja mgeni kutoka ng'ambo, jina lake Gustavi. Kijana mpole, ndevu kama manyoya ya kifaranga.

"Kizuri hakifungiwi," akawaambia. "Kila mtu achukue, aimbe, abadilishe, bila kuomba ruhusa."

"Hata wimbo wa maziko?" akauliza Bi Mashavu.

"Hasa huo, mama."

Wazee wakatazamana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakazifungua nyimbo zote.

Jamani, yaliyofuata msiniulize mara mbili. Kila mtu akaita mbuzi. Mbuzi wakapanda kilima, wakashuka, wakapanda, wakashuka, mwisho wakaketi njiani wakagoma. Mtu akaimba wimbo wa kubembeleza huko shambani. Wakulima wakalala wima, majembe yako hewani. Kisha ikaja harusi ya Shomvi, mwana pekee wa Bi Mashavu. Wapiga ngoma wakaona wimbo wa maziko una mdundo mtamu. Wakauongeza kasi, wakaupiga.

Watu wa Mzambarauni wana adabu zao. Kusikia wimbo ule, wakalia, wakaenda kuchimba kaburi. Nalo kaburi likishachimbwa haliachwi tupu.

"Bwana harusi," wakamwambia Shomvi kwa upole, "jilaze kidogo tu."

"Kwa muda gani?"

"Hilo hatujawahi kuulizwa."

Bi Mashavu alimkuta mwanawe amefukiwa hadi kifuani, kanzu ya harusi imejaa udongo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akamvuta akamtoa, na shimoni wakazika mgomba badala yake.

Hakumgombeza Gustavi. Alimwendea asubuhi, akamwuliza, "Jina lako zuri, mwanangu. Nalo liko wazi?"

Gustavi akacheka. "Liko wazi, mama. Chukueni."

Wakachukua. Kila mtu kijijini akajiita Gustavi. Akiitwa Gustavi aje kula, wanakuja wote, naye anakuta sufuria inaoshwa. Gustavi fulani akigombana na mkewe, pole anapewa yeye.

Mara mama yake akafika kutoka ng'ambo, amechoka na safari.

"Mwanangu Gustavi yuko wapi?"

"Nipo, mama," akajibu kikongwe asiye na meno, akamkumbatia.

"Nipo, mama," akajibu mhunzi.

"Nipo, mama," akajibu Bi Mashavu, akamlalia begani.

Mama wa watu akaangua kilio. Gustavi akaja mbio.

"Lirudisheni," akasema. "Hilo ni jina la babu yangu. Nilipewa siku aliyozikwa."

Bi Mashavu akamtazama. "Kumbe nawe una babu."

Gustavi akakaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu aje, akauliza: "Mama, nyimbo zenu hutolewaje?"

Wakamrudishia jina lake, wakapita naye nyumba kwa nyumba kuwauliza wenyewe. Wachungaji wakasema wao wataimba peke yao, mbuzi wamekonda. Akina mama wakasema wao wanagawa kwa yeyote, ila si shambani. Bi Mashavu akasema, "Wangu nitaufundisha. Anayeutaka aje aketi, amtaje bibi yangu, kisha asubiri mtu afe kweli."

Wa kwanza kuketi alikuwa Gustavi. Alijifunza kwa bidii, akamtaja bibi vizuri, lakini sauti, Mwenyezi amsamehe. Watu wa Mzambarauni wakahofu kuzikwa na sauti ile, wakaacha kufa ovyo.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa imekolea, gawaneni. Ikiwa imechacha, nirudishieni mwenyewe.