Mkaa Uliopakwa Uji

Fungeni vitabu vya nyimbo kidogo, ndugu zangu, mnisikilize. Na ninyi wa viti vya nyuma sogeeni mbele, leo sina ugomvi na mtu.

Alikuwapo bwana mmoja mchoma mkaa. Si mkaa wa miti huu unaopangwa kando ya barabara, la. Yeye alichoma vifuu vya nazi, na mkaa wake ulikuwa na jina mji mzima. Akina mama waliugonga kipande kwa kipande, ukalia kama kigae, wakasema huu ndio wenyewe. Ukiushika hauachi weusi mkononi. Siri yake ilikuwa moja: ukishapoa aliuchovya kwenye uji wa muhogo, akauanika juani, ukakauka unang'aa. Bwana yule aliijua kazi yake, na alijua kwamba anaijua. Watu wa namna hiyo mnawafahamu. Wengine mmekaa nao benchi moja asubuhi hii.

Sasa, bwana huyu alikuwa na dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Figo za dada zikagoma. Mara tatu kwa wiki ilimbidi apande basi, mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi, akasafishwe damu kwa mashine huko jijini. Akirudi hana hata nguvu ya kuvua viatu, mdogo wake ndiye anayepiga magoti kumvua. Na kila akimvua anaona miguu imezidi kukonda, anajikaza asilie mbele yake. Yule bwana aliyesifiwa mji mzima, kwa hili hakuwa na la kufanya.

Hospitali ya pale kwao ilikuwa imepata mashine kama ile ile, mpya, imefunikwa shuka. Kilichokosekana ni maji yaliyo safi sawasawa. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Wewe unayanywa na hudhuriki, lakini dawa ile ikigusa damu ndani ya mashine inaiharibu. Kwa hiyo lazima maji yapite kwanza kwenye mkaa, mkaa uinase dawa yote. Daktari akamwita bwana wetu, akamweleza namna ya kuuandaa: auchome, kisha aupitishe mvuke mkali sana. Akampa na sharti kwamba sampuli itapimwa chuo kikuu kabla tone moja halijaingia kwa mgonjwa.

Je, unadhani bwana alikwenda nyumbani akatembea kawaida? Alikimbia, mtu mzima na kitambi chake. Akamwambia dada yake, "Dada, viatu hivi karibuni utavivua mwenyewe, na chakula cha mchana utakula hapa nyumbani." Dada akamwangalia tu, akasema, "Mdogo wangu, usiniahidi usichoweza." Hilo lilimchoma kuliko moto wa tanuri.

Akafanya yote aliyoambiwa. Lakini mkaa ulipotoka kwenye mvuke, alivunjika moyo. Ulikuwa mwepesi, umefifia, ukiugusa unamwaga vumbi jeusi. Akajiuliza ataupelekaje kwa wasomi mkaa wa aibu kama huu. Basi akafanya alichozoea. Akachagua vipande vizuri, akavichovya kwenye uji wa muhogo, akavianika, akavitia kwenye chupa. Yale mabaki yenye vumbi akayasindilia ndani ya boksi kuizunguka chupa, isije ikavunjika njiani. Akapanda basi.

Huko chuoni alimkuta binti mmoja mtaalamu, mpole, mwenye miwani minene. Binti akamweleza kipimo chake, na bwana akasikiliza kwa adabu, ingawa nusu ilimpita. Kiini chenyewe ni hiki, na mimi nawapa kama nilivyokielewa. Ziko chembe ndogo mno, haziwezi kuonekana kwa jicho, zinaitwa pozitroni. Ukizipeleka ndani ya kitu, kiwe mkaa, kiwe plastiki, kiwe mpira, zinakutana na chembe nyingine zinazoitwa elektroni. Zikikutana tu, zote mbili zinatoweka, na pale zilipotowekea unatoka mwali, na mashine inaudaka ule mwali. Penye msongamano, pozitroni haidumu, inagongana na mwenzake mara moja. Penye tundu tupu inapata nafasi ya kuishi kidogo zaidi. Basi wanapima umri wake, na kwa umri huo wanajua mle ndani mna matundu makubwa kiasi gani, hata yale ambayo hakuna jicho litakaloyaona.

Mkaa ukawekwa. Bwana akakaa kwenye kigoda, kofia magotini. Baada ya muda mrefu binti akarudi na karatasi, uso hauna furaha.

"Mzee wangu, chembe zimetoweka mapema mno. Hazikupata nafasi ndani."

Bwana akatabasamu hadi jino la mwisho. "Si ndivyo nilivyotaka! Mkaa wangu hauna tundu hata moja."

Binti akavua miwani. "Mzee wangu, matundu ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta. Dawa inanaswa ndani ya matundu. Huu wako umezibwa. Umeuziba na nini?"

Bwana akaitazama kofia yake, akilini akaiona miguu ya dada yake iliyokonda. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni uji wa muhogo, alitaka mkaa upendeze. Machozi yakamtoka palepale, mbele ya mtoto wa watu, wala hakuyafuta.

Binti alikuwa anaangalia boksi. Akauliza ule mwingine ni nini. Bwana akasema hizo ni takataka, za kuzuia chupa isigonge tu. Binti akachota kiganja kimoja cha takataka, akakiweka kwenye mashine, wakangoja tena. Na safari hii alirudi anakimbia, karatasi inapepea mkononi.

"Mzee wangu, hizi takataka zako zina nafasi kuliko mkaa wowote niliowahi kupima humu ndani. Kaniletee gunia zima, na usizipake kitu."

Haya. Sasa tuseme sisi.

Mnacheka uji wa muhogo, lakini nani hapa hakuupaka asubuhi hii kabla ya kuja? Nimewapokea mlangoni pale, mmoja mmoja, nawauliza habari, mnaniambia nzuri, nzuri, nzuri. Mama, mwanao hajapiga simu tangu mwaka jana, na ukaniambia nzuri. Baba, tangu umzike mkeo hulali, na ukaniambia nzuri, tena ukacheka. Mahali palipobaki wazi ndani yako unapaonea aibu, kwa hiyo umepaziba, umepang'arisha, ukipigwa kidogo unalia kama kigae. Unadhani Mungu anakutazama kama akina mama wa sokoni, akikugonga asikie mlio?

Yeye anaingia hadi ndani kabisa, na anachotafuta humo ni nafasi. Yuko Mmoja aliyekubali kuingia mle ndani ambamo hatukutaka mtu yeyote aone, akafa humo, na mwanga ukatoka. Hakufa kwa sababu tulipendeza.

Yule dada siku hizi anakwenda hospitali kwa miguu, na mwavuli wake, na mchana anakula kwake. Viatu anavua mwenyewe. Maji yanayomfanya aishi yanapita katika ule mkaa wenye vumbi ambao ndugu yake aliuonea haya. Basi kabla hatujaimba, kaa kimya kidogo hapo ulipo, na umwambie Mungu habari yako ya kweli.