Nafasi Moja kwenye Hema la Chai

Sogeeni, lakini msisimame. Hadithi hii ni ya watu waliochoka, na ni vizuri kuisikiliza ukiwa umekaa.

Chini ya mlima mmoja wenye theluji palikuwa na mji mdogo, na katika mji huo waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu. Aikande alikuwa na sikio: neno likiingia, halitoki tena. Eliufoo alikuwa na mdundo: umpe sufuria au fimbo, atakurudishia ikiimba. Na Ndeshi alikuwa na swali. Alijua kumsikiliza mtu mpaka mwisho, na mtu akidhani mwisho amefika, Ndeshi aliuliza, "Kisha?"

Aliyewahitaji wote watatu ni Kiwia, kaka yake Aikande.

Kiwia alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya wageni kuipeleka juu, akaibeba tena kuirudisha chini, mwaka baada ya mwaka, hadi goti lake la kulia likaanza kulia kama bawaba kavu. Daktari alimwambia hilo goti halitabeba msimu mwingine. Njia iliyobaki ilikuwa kuwa kiongozi wa wageni, maana kiongozi habebi, husema. Lakini husema Kiingereza.

Kiingereza cha darasani alikuwa nacho. Alipoitwa kwenye usaili akaulizwa alifanya nini jana mlimani, alijibu kwa maneno marefu, yaliyonyooka kama barua ya kuomba kazi. Msimamizi wa kampuni ya kupandisha wageni, Bi Nakaaya, alimsikiliza akivua miwani.

"Kaka, umesema vizuri. Lakini wageni hawasemi hivyo. Kule juu, ukungu ukishuka, mgeni anasema maneno mafupi mafupi, na anataka ajibiwe mafupi mafupi. Rudi kabla msimu mpya haujaanza. Ni mara moja tu."

Basi yeye na wale watatu wakaanza kukutana kwenye jiko la Ndeshi, aliyekuwa akichoma mahindi karibu na lango la kupandia mlimani. Walifika pale jioni, kila wapagazi waliposhuka mlimani, kila mtu na uchovu wake, wakakaa bila kusalimiana sana.

Aikande alifua mashuka katika nyumba ya wageni. Wageni walioshuka mlimani walikaa barazani wakisimulia jana yao, naye aliyazoa maneno yao akianika.

"'Gave' unaijua," alimwambia kaka yake.

"Alitoa."

"Sasa sikia. 'Gave back', alirudisha. 'Gave away', aligawa. 'Gave up', alikata tamaa. Hicho kijineno cha nyuma ni kama mtoto aliyefuatana na mama yake sokoni. Mama ndiye mkubwa, lakini mtoto ndiye anayeamua wataishia wapi."

"Na hao wageni wote wana watoto?"

"Wote, kaka. Hawasemi waliondoka, 'they set off', wala waligeuka kurudi, 'they turned back'. Maji hayakuwaishia hivihivi, 'they ran out of water'. Mtu hakuzimia, 'he passed out'. Jana yao nzima inatembea na watoto."

Aliongea huku akipaka mafuta vidoleni, palipopasuka kwa sabuni. Kila walipokutana alileta mapya, na hakuna hata moja alilolikosea.

Lakini kichwa cha mtu aliyechoka ni gunia lenye tundu. Kiwia alilala na maneno, akaamka bila maneno. Ndipo Eliufoo, mpagazi mwenzake, alipomtania wakiwa njiani na mizigo.

"Unayaweka kichwani, na kichwani kuna begi la Mjerumani. Yaweke miguuni, bwana!"

"Miguuni kuna goti."

"Goti nalo lisome. Haya. 'Set', mguu wa kushoto. 'Off', wa kulia. 'Turned', kushoto. 'Back', kulia. 'Ran, out, of', halafu vuta pumzi."

Wakapanda hivyo, Eliufoo akigonga fimbo kwenye jiwe. Wapagazi wengine walicheka. "Hawa hewa imewapungukia mapema!" Lakini kabla ya kambi ya kwanza msafara mzima ulikuwa ukipanda kwa "set off" na "turned back", na mizigo, kwa muda, ikawa kama imepungua. Tangu siku ile maneno hayakudondoka tena.

Yalikaa. Ila yalikaa kama askari kwenye gwaride, yamepangwa vizuri na hayaendi popote. Hapo akaingia Ndeshi. Kiingereza alikielewa kuliko alivyokisema.

"Nisimulie jana," aliamuru, akigeuza hindi jikoni.

"'Yesterday we set off early...'"

"Mwongo! Mapema gani? Jana ulipita hapa jua limeshachomoza, umeshika kiatu mkononi. Anza upya."

Akaanza upya. Ndeshi akamkatiza kumuuzia mteja, akamrudia. "Kisha?" Akamkatiza kupuliza mkaa. "Kisha?" Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, na mara nyingine aliyafumba, ungedhani amelala. Kiwia akiongeza chumvi, macho yalifumbuka. Jioni baada ya jioni alimkatalia kila sentensi aliyoikariri, mpaka Kiwia akazoea kuisema jana yake jinsi ilivyokuwa.

Siku ya usaili ikafika. Bi Nakaaya hakumuuliza habari za jana.

"Nisimulie siku ambayo mlima ulikushinda," alisema kwa Kiingereza.

Kiwia hakuwa ameiandaa siku hiyo. Aliikumbuka tu: siku Eliufoo alipoanguka chini ya mzigo wake. "'We set off late,'" alianza. "'We ran out of water.'" Maneno ya Aikande yalimjia moja moja, kila mama na mtoto wake. Alipofika pale rafiki yake alipolala kwenye mawe, maneno yote yakatoweka. Mguu wake ukagonga sakafu wenyewe, kushoto, kulia. "'My friend... passed out.'" Msimamizi akamkatiza ghafla: kwa nini hukuendelea na wageni? Aliyezoea kukatizwa hakubabaika, wala hakujipamba. "'I was afraid. I gave up. I turned back with him.'"

Bi Nakaaya akavaa miwani yake. "Umepita."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo uchovu ulipo.

Wapagazi wa mlima ule wana desturi. Kiongozi mpya huingia na mtu wake mmoja, awe mpagazi au asiwe, wa kuhudumu kwenye hema la chai, pale wageni wanapokunywa chai kambini. Mtu huyo hubeba vikombe tu, hulala penye joto, na kazi ni yake msimu baada ya msimu. Kiongozi humtaja kwa sauti, siku ileile, mbele ya wenzake. Jina likishatamkwa halibadilishwi.

Wapagazi walikusanyika kwenye jiko la Ndeshi, na wale watatu wakakaa mbele ya Kiwia.

"Maneno niliyazoa mimi," alisema Aikande, mikono ikiwa kwapani. "Bila maneno ungegonga mguu mpaka kesho."

"Aa, dada, mbona ulimpa na yakamwagika?" alisema Eliufoo. "Mimi ndiye niliyeyafunga. Na nani alilala kwenye mawe, ili leo awe na la kusimulia?"

"Kasuku naye ana maneno na ana wimbo," alisema Ndeshi. "Amepita kwa sababu alisema kweli. Hiyo alijifunzia hapa, kwenye moshi wangu."

Hakuna aliyepandisha sauti. Hawakuwa na nguvu za kugombana. Walimtazama tu, mikono iliyopasuka, mgongo uliopinda, macho mekundu.

Kiwia akasimama ataje jina. Goti likalia.

"Kisha?" akauliza Ndeshi.

Msinitazame mimi, kazi yangu imeishia kwenye swali hilo. Nafasi ni moja, waliochoka ni watatu, na wapagazi wamesimama wanangoja jina. Wewe uliyekaa hapo, ungemtaja nani?