Mlenda wa Bibi Nyamizi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale reli ilipita katika kijiji kimoja. Reli yenyewe fupi: epua uji gari likiondoka mwanzo, likifika mwisho uji bado wa moto. Wanaume wa kijiji ndio waliobeba mabegani mataruma, yale magogo ya kulazia reli, maana msimamizi wa reli, Bwana Feruzi, aliwaahidi kwamba gari litasimama kwao. Reli ikaisha, na ahadi ikaishia hapo. Chuku-chuku, chuku-chuku, gari likapita. Kesho yake, chuku-chuku, likapita. Wagonjwa wakaendelea kubebwa kwa machela hadi mjini.

Mkubwa wa kijiji alikuwa Bibi Nyamizi, mzee wa meno machache na maneno mengi. Mke wa mwanawe, Kalunde, alikuwa na mimba pevu, na mkunga alishasema huyu lazima akajifungulie hospitali mjini. Bibi aliogopa, tena sana. Akawaita wanawake.

"Pikeni mlenda," akasema. "Mwingi, uvutike, uteleze."

"Wa harusi, bibi?"

"Wa mgeni."

Wakapika. Wakaenda pale reli inapopanda kilima, wakapaka mlenda chuma hiki, wakapaka na kile. Gari likaja. Chuku-chuku, chuku-chuku, chuuu. Magurudumu yakazunguka, gari haliendi. Likarudi nyuma polepole, likatulia mbele ya kijiji.

Bwana Feruzi akashuka, akainama, akanusa reli. "Nani kamwaga mlenda hapa?"

"Mimi, baba," akasema Bibi Nyamizi. "Kwetu mgeni hapiti mlangoni bila kula. Huyu wako kila siku anapita, hata hodi hapigi. Nikaona nimtengee njiani."

"Na kesho?"

"Kesho atakula tena. Siku akizoea kusimama mwenyewe, mlenda tutakula sisi."

Abiria walicheka hadi wakashika mbavu. Feruzi alijikaza, akashindwa. Alipomaliza kucheka akakuta Kalunde ameshapandishwa, amekaa kwenye kiti chake yeye Feruzi.

Tangu siku hiyo gari likawa linasimama. Kalunde alirudi nalo, na mtoto wa kike kifuani, mzima, mwenye kelele.

Miaka ikapita, reli ikang'olewa, vyuma vikachukuliwa. Siku hizi ni nyasi tu. Lakini wanawake wa kule wakipika mlenda, kijiko kimoja humwaga pale njia ilipokuwa, wakamtaja Bibi Nyamizi, wakacheka.

Basi nanyi, mkimwahidi mtu kwamba mtasimama kwake, simameni. Msingoje kupakiwa mlenda.

Hadithi yangu imefika kituo cha mwisho. Shukeni.